Taa Mbili, Karao Mbele: Historia ya Kukwepa Faini ya Spidi

Wasee, kuna lugha moja ambayo kila dere wa Gusii anaielewa na haijawahi kufundishwa shule yoyote. Gari linalokuja upande ule mwingine linamulika taa za mbele mara mbili, haraka haraka. Basi. Dere wako anatoa mguu kwa mafuta, Probox iliyokuwa ikilia kama nyuki inapoa, abiria waliokuwa wamelala wanaamshwa wafunge mikanda. Maana yake ni moja: karao wako mbele.

Mimi ni mtoto wa Masimba, na barabara ya kwenda Keroka nimeipanda mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwa muda mrefu nilidhani hizi taa ni ujanja wa Wakenya tu, kitu cha kuchekea. Halafu nikaanza kusoma. Kumbe mchezo huu una zaidi ya miaka mia moja, umewahi kufikishwa mbele ya majaji Uingereza, na umezaa biashara kubwa sana Marekani. Na kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyoona kitu ambacho najua madere wengine watanikasirikia nikisema: katika historia yote hii ni watu wawili tu wanaoongea, dere na polisi. Yule anayegongwa hajawahi kuulizwa.

Twende polepole, tuanze mwanzo.

Baiskeli iliyofukuza gari

Januari 28, 1896, huko Paddock Wood, katika kaunti ya Kent, Uingereza, jamaa anaitwa Walter Arnold alipita mjini na gari lake. Wakati huo sheria ilisema gari lisizidi maili 2 kwa saa ndani ya mji. Hiyo ni kama kilomita 3, yaani hata nyanya yako akitoka sokoni na kikapu kichwani anakupita. Arnold alikuwa akienda maili 8 kwa saa, karibu kilomita 13. Polisi akapanda baiskeli, akamfukuza kama maili 5, akamshika. Alipigwa faini ya shilingi moja kwa kosa la mwendo. Huyo ndiye anayetajwa kama mtu wa kwanza duniani kushtakiwa kwa kuendesha gari kwa kasi.

Ona hapo kitu kimoja. Arnold alikuwa muuzaji wa magari. Kwake, kwenda mbio kulikuwa kuonyesha mali. Kwa wanakijiji, yule alikuwa tajiri mmoja anayewatisha watoto na kuku. Hiyo ugomvi haijaisha hadi leo.

Saluti iliyokataa kupigwa

Mwaka 1903 Waingereza wakapandisha kikomo hadi maili 20 kwa saa, kama kilomita 32. Polisi wakaanza mitego. Hawakuwa na mashine. Walipima umbali fulani barabarani, mmoja akajificha kwenye ua wa miti mwanzoni, mwingine mwishoni, na saa ya kusimamisha kwa kidole mkononi. Gari likipita, wanapiga hesabu.

Wenye magari wakachoka. Mwaka 1905 wakakutana London wakaanzisha Automobile Association, ile AA unayoisikia. Kazi yake ya kwanza haikuwa kufundisha udereva wala kuvuta magari mabovu. Ilikuwa kuwaajiri vijana wa baiskeli wapite barabarani, watafute polisi waliojificha, na kuwaonya wanachama. Yaani kile tunachokifanya kwa taa, wao walikilipia mshahara.

Hapo ndipo mahakama ikaingia. Katika kesi moja ya 1907, Bastable v Little, majaji walisema kumwonya dere kuhusu mtego si kosa, kwa sababu haikuthibitishwa kwamba madere wale walikuwa wakivunja sheria walipoonywa. Lakini kesi ya pili, Betts v Stevens ya 1910, ilikuwa tofauti. Huko ilithibitishwa kwamba magari yalikuwa tayari yanazidi mwendo. Kijana wa AA aliwaambia wapunguze ili wasishikwe. Jaji mkuu Lord Alverstone na wenzake wakasema hapana, huko ni kumzuia polisi kufanya kazi yake.

Soma tena tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo moyo wa jambo lote. Swali la majaji lilikuwa hili: unamsaidia mtu kutii sheria, ama unamsaidia kuficha kwamba ameshaivunja? Kitendo ni kile kile, mkono ule ule unainuliwa, lakini nia ni mbili.

AA nao hawakulala. Walikuwa na utaratibu wa vijana wao kupigia saluti kila gari lenye beji ya chama. Baada ya ile kesi wakawaambia wanachama: ukiona kijana wetu hajakupigia saluti, simama umuulize kwa nini. Maana yake, polisi wako mbele. Sasa niambie, utamshtaki mtu vipi kwa kutopiga saluti? Ujanja wa hali ya juu.

Chama cha aina hiyo kilifika na huku kwetu mapema. Royal East African Automobile Association ilianzishwa 1919, na ndiyo leo tunaiita AA Kenya. Sisemi walikuja kupiga saluti za kukwepa polisi. Nasema tu kwamba wakati huo wenye magari Kenya walikuwa kikundi kidogo sana, na wengi wa watu wetu walikuwa wanatembea kwa miguu pembeni ya hizo barabara, tena wengine walilazimishwa kuzichimba.

Mwaka 1953

Kuna mwaka mmoja ambao ningetaka mwalimu wa historia aufanyie somo zima. Mwaka 1953 mambo matatu yalitokea ambayo hakuna aliyeyaunganisha wakati huo.

La kwanza, dere wa mashindano kutoka Uholanzi, Maurits Gatsonides, alishinda Monte Carlo Rally. Huyu jamaa alikuwa na ugonjwa wa kupenda mwendo. Alitaka kujua kwa hakika anapiga kona kwa kasi gani ili aongeze zaidi, kwa hivyo akaunda kifaa cha kujipima. Mwaka 1958 akaanzisha kampuni, Gatsometer, na kile kifaa cha kumsaidia kwenda mbio kikageuka mama wa kamera za polisi duniani. Hadi leo Waingereza wanaziita “Gatso”. Mtu aliyetuletea kamera ya spidi alikuwa mpenda spidi nambari moja.

La pili, mwaka huo huo huku Afrika Mashariki magari yalishindana kwa mara ya kwanza kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Ndiyo yale yaliyokuja kuwa Safari Rally. Tangu hapo mtoto wa Kenya amekua akijua kwamba shujaa wa barabara ni yule anayefika kwanza akiwa na matope hadi kwenye kioo.

La tatu, serikali ya kikoloni, katikati ya hali ya hatari, ilitunga sheria ya barabara ya 1953. Ndiyo ile ile Sura ya 403, Sheria ya Trafiki, ambayo hadi leo karao akikusimamisha anakutajia. Imerekebishwa mara nyingi, lakini mzizi ni huo.

Kwa hivyo kamera, mashindano na sheria ni marika. Vilizaliwa pamoja, na vimekua vikivutana.

Rada na mwindaji wake

Sasa tuingie kwenye mashine yenyewe. Mwaka 1842 mwanasayansi wa Austria, Christian Doppler, alieleza kwamba wimbi likitoka kwa kitu kinachosonga hubadilika. Unalijua bila kusoma: king'ora cha ambulensi kikija kwako sauti ni nyembamba, kikishakupita inakuwa nzito. Rada ya polisi hutumia jambo hilo hilo. Inatuma mawimbi ya redio, yanagonga gari, yanarudi yakiwa yamebadilika kidogo, na mashine inasoma mwendo kutokana na mabadiliko hayo. Polisi wa jimbo la Connecticut, Marekani, waliijaribu barabarani huko Glastonbury mwaka 1947.

Lakini rada ina udhaifu mmoja. Ni kama mtu anayekutafuta gizani kwa tochi. Wewe utauona mwanga wa tochi kabla yeye hajakuona vizuri, kwa sababu mwanga unaofika kwako ni mkali kuliko ule unaomrudia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jamaa wa Ohio, Dale Smith, baada ya kukamatwa kwa rada, akatengeneza kisanduku cha kuweka mbele ya gari ambacho kinalia kikisikia mawimbi hayo. Akakiita Fuzzbuster. Hicho ndicho kigunduzi cha rada.

Biashara ililipuka kwa sababu ya siasa. Mwaka 1973 Waarabu walizuia mafuta, na Januari 1974 Rais Nixon akatia saini kikomo cha maili 55 kwa saa, kama kilomita 88, kwa nchi nzima ya Marekani. Lengo la kwanza lilikuwa kuokoa mafuta. Madereva wa malori waliona wanaibiwa muda na pesa, na kisanduku cha Fuzzbuster kikawa rafiki.

Kisha kukawa na vita vya mashine kwa mashine. Mwaka 1979 huko Miami, televisheni ilionyesha mashine ya rada ikiusomea mti mwendo wa maili 86 kwa saa. Mti, wasee! Kilomita 138 kwa saa na mizizi yake ardhini. Nyumba nayo ilipewa maili 28. Jaji akakataa ushahidi wa rada. Polisi wakaboresha mashine. Jimbo la Virginia na jiji la Washington vikapiga marufuku vigunduzi. Zikaundwa mashine za kugundua vigunduzi. Ndiyo, umesoma vizuri. Halafu ikaja miale ya leza, ambayo ni nyembamba sana, na kigunduzi kikilia kwa leza mara nyingi ni kukuambia kwamba umeshapimwa. Ufaransa nao mwaka 2012 walizuia vifaa vya kutaja kamera iko wapi hasa, vikabaki vile vya kusema tu “eneo hili ni hatari”.

Nataka ukumbuke hilo neno la Wafaransa, eneo hatari. Tutalihitaji.

Huku kwetu: Michuki na waya uliokatwa

Kenya hatukuanza na rada. Tulianza na matatu. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila ile leseni nzito ya mabasi, na mchezo ukawa ni kuwahi abiria kabla ya mwenzako. Spidi ilikuwa chakula. Dere akichelewa stendi, mwenzake amebeba.

Miaka 30 baadaye akaja John Michuki. Akiwa Waziri wa Uchukuzi alitoa kanuni za 2003, Tangazo la Kisheria nambari 161, zikaanza kutumika Februari 1, 2004. Mikanda kwa kila kiti. Mstari wa manjano. Sare kwa dere na makanga. Na kubwa zaidi, kidhibiti mwendo, kile tunaita spidi gavana, cha kuizuia matatu isizidi kilomita 80 kwa saa. Siku za kwanza matatu nyingi zilikaa nyumbani, watu wakatembea kwenda kazini. Wazee wetu bado wanaziongelea siku hizo, na wengi wanamkumbuka Michuki kwa heshima.

Sasa ona tofauti ya Michuki na rada. Rada inahitaji polisi awe pale. Spidi gavana inakaa ndani ya gari, inakuona hata usiku wa manane. Kukwepa hiyo si kupiga taa, ni kukata waya ama kuweka swichi iliyofichwa, na mafundi wa Kenya, kazi hiyo waliijua haraka. Mwaka 2012 ikatungwa sheria ya kuunda NTSA, zikaja kamera za mkononi, na baadaye vidhibiti vya kuhifadhi rekodi ya mwendo. Novemba 2018, Fred Matiang'i, mtoto wa huku kwetu Nyamira, akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, alitangaza sheria za Michuki zinarudi kwa nguvu. Nairobi watu wakatembea tena kama 2004. Ukisikia sheria “inarudi”, jua ilikuwa imeondoka bila kufutwa.

Na sisi nasi tukaboresha kukwepa. Kutoka taa tukaenda kwenye simu. Kuna makundi ya WhatsApp ya madere, kuna ripoti za barabarani za Ma3Route, kuna ramani za simu zinazokuonya. Kigunduzi cha Fuzzbuster kilikuwa cha kununua. Chetu ni bure, na kimeundwa na watu wengi wanaosaidiana bila kujuana.

Kwa nini tunamulikiana taa

Kabla sijawalaumu madere, nataka niwatetee. Mtu hamuliki taa kwa mgeni kwa sababu anapenda ajali. Anamulika kwa sababu haamini kwamba yule aliye kwenye kona yuko pale kwa ajili ya usalama.

Angalia hesabu. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zinasema ukizidi kikomo kwa kilomita 1 hadi 5 unaonywa. Ukizidi kwa 6 hadi 10, faini ni shilingi 500. Kwa 11 hadi 15, ni 3,000. Kwa 16 hadi 20, ni 10,000. Sasa matatu yenye kikomo cha 80 ikipimwa 98, faini ya kitabu ni 10,000. Dere wa Probox ya Keroka aipate wapi kwa siku moja, na bado kuna mafuta, kuna mwenye gari anasubiri hesabu jioni? Kwa hivyo wote wawili, dere na aliyemsimamisha, wana sababu ya kumaliza mambo pale pale kwa noti iliyokunjwa. Ripoti za Transparency International kuhusu hongo Afrika Mashariki ziliwaweka polisi wetu juu kabisa kwa miaka mingi, na hakuna Mkenya aliyeshangaa.

Na mahali mtego unapowekwa pia panasema kitu. Ukijificha kwenye mteremko mtupu, ambako hakuna nyumba wala shule, na kila gari linakimbia kwa sababu ya mteremko, unatafuta nini? Watu wanaona. Dere anasema moyoni: huyu hanilindi, huyu ananivua kama samaki. Na samaki kwa samaki lazima waambiane.

Kwa hivyo naelewa. Taa mbili ni kura ya kutokuwa na imani. Naiheshimu hiyo kura. Lakini hapo ndipo ninapoachana na madere wangu.

Nani hayuko kwenye mazungumzo

Sheria inasema ndani ya mji au kituo cha biashara mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Masimba ni kituo cha biashara. Spidi gavana ya Michuki inazuia 80. Ona basi: matatu inaweza kuwa na gavana mzima, haijaguswa waya, na bado ikapita sokoni kwetu kwa kilomita 30 zaidi ya sheria. Gavana haijui soko. Rada haijui soko. Zile taa mbili ndizo zinajua kidogo zaidi, kwa sababu zinakuambia polisi wako wapi tu, na polisi mara nyingi hawako sokoni.

Tufanye fizikia ya Fomu Tatu. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linapita kama mita 14 kila sekunde. Kwa 80 ni mita 22. Tuseme mtoto ameruka barabarani, na dere anachukua sekunde moja kushtuka, barabara ni kavu na breki ni nzuri. Yule wa 50 atasimama ndani ya mita 28 hivi. Yule wa 80 atahitaji kama mita 57. Lakini hesabu iliyoninyima usingizi ni nyingine: pale pale ambapo yule wa 50 ameshasimama kabisa, yule wa 80 bado anaenda zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Kwa nini? Kwa sababu mita 22 za kwanza ameshazimaliza akishtuka tu. Sasa ongeza ukungu wa asubuhi wa Gusii na mvua yetu ya kila alasiri.

Mwaka 2024 NTSA ilihesabu zaidi ya watu 4,700 waliokufa barabarani Kenya. Kundi kubwa zaidi si madere wala abiria. Ni wanaotembea kwa miguu. Juni 30, 2023, pale Londiani Junction, kwa majirani zetu wa Kericho, lori liliwavamia wachuuzi na watu waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya 50 wakafa. Baada ya hapo ikatangazwa masoko yahamishwe kutoka kandokando ya barabara kuu. Mama wa ndizi aambiwe ahame. Sawa, labda ni usalama wake. Lakini jiulize ni nani huambiwa abadilike kila mara: mwenye gurudumu ama mwenye kikapu?

Rudi kwenye lile swali la majaji wa zamani. Taa zako zinamsaidia mwenzako kutii, ama kuficha? Kama baada ya kuwapita karao dere angebaki kwa mwendo ule ule hadi Keroka, ningesema hizo taa zimefanya kazi ya serikali bure, tena bila hongo. Lakini sote tunajua. Anapunguza mita mia tatu, halafu mguu unarudi pale pale. Mita mia tatu za utiifu, kilomita kumi za bahati nasibu.

Vitu ambavyo havichukui chai

Sitaki kumaliza na mahubiri, kwa hivyo nitawaambia vitu viwili ambavyo historia inaonyesha vinaweza kufanya kazi bila kumwamini dere wala polisi.

Cha kwanza ni tuta. Ndiyo, lile tuta tunalolitukana likitukwaruzia gari chini. Mtoto akigongwa, kijiji kinatoka, kinafunga barabara, kinachoma tairi, na dai lao ni moja: tuta. Watu wetu si wajinga. Wanajua tuta halilali, haliandiki risiti ya uongo, halichukui chai, na hakuna kigunduzi cha kulikwepa. Tena kulijua mapema hakukusaidii kukimbia, kunakusaidia kupunguza. Ndilo lile “eneo hatari” la Wafaransa, ila kwa lami.

Cha pili ni mdomo wako. Watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walichukua zaidi ya matatu 2,000 za Kenya, na kama nusu yazo wakaziwekea stika za kuwahimiza abiria waseme dere akienda vibaya. Stika tu. Matokeo yaliyochapishwa 2011: madai ya bima ya ajali kwa zile zenye stika yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Utafiti mkubwa zaidi wa 2015 ulipata punguzo dogo zaidi, kati ya robo na theluthi, lakini bado lilikuwa kubwa. Kampeni ikaitwa Zusha, na jina linajieleza. Fikiria: Michuki alitumia nguvu za serikali nzima, na karatasi yenye gundi ikafanya kazi kwa sababu ilimpa ruhusa mtu aliyekuwa amenyamaza.

Huyo ni wa tatu kwenye mazungumzo. Amekaa ndani ya gari, amelipa nauli, na huenda mdogo wake ndiye anayevuka pale mbele.

Kamera zinakuja zaidi, hilo halina mjadala. Mimi sizipingi, ila nina masharti. Ziwekwe mbele ya shule, hospitali na masoko, sio kwenye mteremko wa kutegea. Ziwe na kibao kikubwa kinachosema “kamera iko hapa”, kwa sababu lengo ni gari lipunguze, si lishikwe. Faini iende kwa akaunti ya serikali na ujumbe uje kwa simu, isishikwe na mkono wa mtu. Zikifanyiwa hivyo, hatutakuwa na sababu ya kuonyana, kibao kitakuwa kimetuonya wote.

Na nyinyi madere wangu wa Keroka, Masimba, Kiamokama, hamtaacha kumulikiana leo wala kesho, najua. Basi ongezeni maana moja kwenye hiyo lugha yenu. Ukipita shule watoto wametoka, ukipita siku ya soko, ukikutana na ng'ombe ama mazishi yamejaa barabarani, mmulikie mwenzako vile vile unavyomuonya kuhusu karao. Majaji wa 1907 wasingekuwa na neno. Wewe unayesoma hii ukiwa ndani ya matatu, angalia ile sindano ya spidi hapo mbele, kisha uniambie inasoma ngapi.